Mabao 28 ya Olunga: msimu wa Japani wa 2020 ulikuwaje hasa?

SWALI: Salamu, mtaalamu. Mimi ni shabiki wa Gor Mahia, naishi Kisumu. Nina shemeji yangu Mwanza ambaye kila tukikutana hunichokoza kuhusu Michael Olunga. Anasema tuzo ya mchezaji bora aliyoipata Japani mwaka 2020 haina uzito: kwanza ulikuwa msimu wa korona, pili hakuna timu iliyoshuka daraja, tatu timu yake yenyewe ilimaliza ya saba. Sina cha kumjibu kwa sababu mimi nilikuwa nasikia tu mabao, sikuifuatilia ligi. Naomba unieleze msimu ule ulikuwaje, na useme kwa haki kama shemeji ana hoja.

JIBU: Salamu zimefika, ndugu yangu. Nianze na shemeji, maana hakubahatisha. Mambo yote matatu aliyokutajia yalitokea kweli. Korona ilikuwepo, hakuna aliyeshuka, na Kashiwa Reysol walimaliza nafasi ya 7. Anapopotea ni pale anapoyajumlisha na kupata jibu kwamba tuzo ni nyepesi. Mimi msimu ule niliufuatilia tangu Februari mpaka Desemba. Japani wametutangulia kwa saa sita, kwa hiyo mechi ya saa moja jioni kule ilinikuta saa saba mchana, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, chakula kinapoa. Baada ya yote niliyoyaona, naamini mabao yale 28 ni mazito kuliko ya wafungaji bora wengi waliocheza misimu ya kawaida. Nitakueleza kwa nini, lakini nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu ukiuelewa msimu wenyewe utaweza kumjibu shemeji bila msaada wangu.

Ligi kuu ya Japani, inayoitwa J1, ilikuwa na timu 18, mechi 34 kwa kila timu. Ilifunguliwa Ijumaa ya tarehe 21 Februari 2020. Kesho yake Reysol, waliokuwa wamepanda kutoka daraja la pili, walicheza nyumbani na Consadole Sapporo wakashinda 4-2. Olunga alifunga mawili, Ataru Esaka mawili. Likumbuke jina hilo la Esaka, nitalirudia. Ilikuwa raundi ya kwanza ya J1 kuchezwa kwa mfumo wa VAR, yaani waamuzi wanaosaidia kwa video, na watu walikuwa na hamu ya kuona utakavyofanya kazi. Hawakuona zaidi ya hapo. Siku chache baadaye ligi ilisimamishwa, tarehe ya kurudi ikasogezwa tena na tena, na mpira haukuchezwa mpaka tarehe 4 Julai.

Unakumbuka kwenu mambo yalivyokwenda. Kenya ligi ya 2019-20 ilikatishwa kabla haijaisha na Gor Mahia wenu wakatangazwa mabingwa. Tanzania ligi ilisimama, ikarudi Juni, Simba wakamaliza kileleni. Ufaransa walifunga kabisa wakampa PSG. Hao wote korona iliwakuta katikati au mwishoni mwa msimu. Japani msimu wao huanza mapema mwaka na kuisha Desemba, kwa hiyo korona iliwakuta wamecheza raundi moja tu. Hawakuwa na msimamo wa kuutumia kumpa mtu ubingwa, wala hawakuwa na msimu wa nyuma wa kuumalizia. Ilibidi waamue kama watacheza msimu mzima au hawatacheza kabisa.

Wakaamua kucheza, na wakaweka masharti mapema ili kila mtu ajue anapigania nini. Ili msimu uhesabike, angalau asilimia 75 ya mechi zote zichezwe, na kila timu iwe imecheza angalau nusu ya mechi zake. Hakuna atakayeshuka. Wawili wa juu wa daraja la pili watapanda, ligi ya 2021 iwe ya timu 20, na mwishoni mwa 2021 zishuke timu nne kwa mpigo. Wachezaji wa akiba wanaoweza kuingia waongezwe kutoka watatu hadi watano. VAR iwekwe kando kwanza, maana chumba kidogo kilichojaa waamuzi na mafundi hakikufaa wakati ule.

Hapo shemeji asikwepe: masharti yalihitaji robo tatu ya mechi, lakini zilichezwa zote. Mechi 306, hakuna hata moja iliyofutwa. Zipo zilizogeuka viporo baada ya maambukizi kuingia kambini, Sagan Tosu walipata pigo hilo mwezi Agosti, na Reysol wenyewe likawafika Novemba. Viporo vyote vililiwa. Kwa hesabu za karatasi, msimu wa 2020 ni mzima kama wa 2019 au wa 2021.

Sasa tazama ratiba, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huukosea msimu huu. Kutoka tarehe 4 Julai hadi 19 Desemba ni siku 168. Ndani ya siku hizo kila timu ilicheza mechi 33 za ligi, ukiacha kombe. Gawanya mwenyewe: ni mechi moja kila siku tano, miezi mitano na nusu, ikianza katikati ya kiangazi cha Japani. Kiangazi kile hakina upepo. Ni joto la mvuke, jezi inalowa hata kabla ya mazoezi ya kupasha mwili kuisha. Kwa kawaida mshambuliaji mkubwa wa umbo hupungua kasi katika mazingira ya namna hiyo. Olunga ana urefu wa mita 1.93, na mchezo wake ni wa kukimbia. Katika mechi 34 alicheza 32.

Nikuambie na sauti ya viwanja, kwa sababu haitoki kichwani mwangu. Mechi za kwanza zilichezwa bila mtu. Tarehe 10 Julai watazamaji wakaruhusiwa, wasiozidi 5,000, waliokaa mbalimbali wakiwa na barakoa, na wakakatazwa kuimba wala kupiga kelele. Mashabiki wa Japani ni watu wa nyimbo na ngoma dakika zote 90, na mwaka ule walibaki na viganja tu. Unasikia kocha anafoka, unasikia kipa anaita jina la beki, unasikia mpira ukigonga mguu, kisha linatokea jambo zuri na uwanja mzima unajibu kwa makofi, pa-pa-pa, bila neno hata moja. Lilipofungwa bao, wengine walisimama wakafungua midomo, wakakumbuka, wakaifunga, wakapiga makofi. Mshambuliaji anayelishwa na kelele za uwanja hakuwa na chakula mwaka ule.

Nije kwenye hoja ya kutoshuka, ambayo ndiyo nzito kuliko zote alizonazo shemeji. Ndiyo, inabadilisha mambo. Timu inayojua haishuki haijibanzi nyuma kutafuta sare ya 0-0 mwezi Oktoba. Kocha anaweza kumpa kijana nafasi, anaweza kuendelea kupanda mbele hata anapofungwa. Matokeo yake mechi nyingi zilikuwa wazi. Shimizu S-Pulse walioshika nafasi ya 16 walifungwa mabao 70. Vegalta Sendai wa 17 walimaliza msimu mzima bila kushinda mechi hata moja ya ligi katika uwanja wao wa nyumbani. Katika mwaka wa kawaida Sendai wangekuwa wamekwishafukuza kocha na kusajili kwa hofu, na huenda wangejikaza. Shonan Bellmare walishika mkia kwa pointi 27. Deni hilo lililipwa mwaka uliofuata: 2021 wakashuka wanne kama ilivyoahidiwa, na Sendai wakawa mmoja wao, pamoja na Oita Trinita, Tokushima Vortis na Yokohama FC.

Kwa hiyo nakubali kwamba mabeki wa chini walikuwa wepesi zaidi mwaka ule. Lakini wepesi huo ulikuwa wa kila mshambuliaji katika ligi, si wa Olunga peke yake. Kila mtu alicheza na Sendai mara mbili, kila mtu alicheza na Shimizu mara mbili. Kama mlango ulikuwa wazi kiasi hicho, wafungaji wengine wangepita pia. Aliyemfuata Olunga ni Everaldo, Mbrazili wa Kashima Antlers, mabao 18. Tofauti ni mabao kumi. Na kuna mfano mmoja ninaoupenda zaidi, kwa sababu ni kama jaribio la maabara. Mwaka 2019, Olunga akiwa daraja la pili, hakuwa mfungaji bora wa daraja hilo. Alifunga 27, na Leonardo wa Albirex Niigata alifunga 28. Mwaka uliofuata wote wawili waliingia J1, Leonardo akiwa amesajiliwa na Urawa Reds, timu kubwa kabisa yenye uwanja wa watu zaidi ya 60,000. Ligi ileile, mabeki walewale, ratiba ileile. Leonardo alifunga 11, na kwa mgeni hilo si baya hata kidogo. Olunga akaongeza moja juu ya alichofunga daraja la chini.

Mpe shemeji na historia kidogo. Mwaka 2019 wafungaji bora wa J1, wawili waliolingana, walimaliza na mabao 15 kila mmoja. Ukirudi nyuma ukitafuta mfungaji bora aliyefikisha 28, unapita Jô aliyefunga 24 mwaka 2018, unampita Okubo mwenye 26 mwaka 2013, unaendelea mpaka 2005, unamkuta Araujo wa Gamba Osaka na mabao 33. Katika miaka yote hiyo ya katikati hakuna. Na kwa Waafrika, kabla ya Olunga waliowahi kuongoza ufungaji wa ligi ile ni Patrick Mboma wa Cameroon, mabao 25 mwaka 1997, na Peter Utaka wa Nigeria, aliyelingana na Leandro wa Vissel Kobe kwa mabao 19 mwaka 2016. Tuzo ya mchezaji bora wa msimu hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata kabla yake.

Lakini nisije nikaufanya msimu wote kuwa wa Olunga. Mwenye msimu wa 2020 ni Kawasaki Frontale, na bila kuwaelewa hao hutaelewa kwa nini tuzo ilikuwa na maana kubwa namna ile.

Kawasaki ni mji wa viwanda, umebanwa kati ya Tokyo na Yokohama. Timu yao kwa miaka mingi ilisifika kwa mpira mzuri na kukosa makombe, mpaka kocha Toru Oniki alipochukua ubingwa 2017 na 2018. Mwaka 2019 waliporomoka hadi nafasi ya 4. Mwaka 2020 Oniki akabadili mfumo, akaweka washambuliaji watatu mbele, akaanza kukaba juu kabisa, na sheria ya wachezaji watano wa akiba ikamkuta ana kikosi cha kuitumia kuliko mtu yeyote. Ilikuwa ni mateso kuwatazama ukiwa upande wa mpinzani. Unahangaika saa nzima kuwakimbiza, wamekuchosha, halafu unaona ubaoni anaingia Kaoru Mitoma.

Mitoma unamfahamu, yule winga wa Brighton. Mwaka ule alikuwa ndiyo kwanza ametoka Chuo Kikuu cha Tsukuba, mgeni kabisa katika soka la kulipwa, na alifunga mabao 13. Kiungo Ao Tanaka alikuwa pale. Hidemasa Morita, aliyekwenda baadaye Sporting ya Ureno, alikuwa pale. Reo Hatate, aliyekwenda Celtic, naye alikuwa mgeni wa mwaka huohuo. Unakumbuka Kombe la Dunia la Qatar 2022, Japani na Hispania, mpira uliookolewa kwenye mstari mpaka watu wakabishana kama ulitoka? Aliyeurudisha ni Mitoma, aliyefunga ni Tanaka. Wote wawili walicheza pamoja Kawasaki hii ninayokueleza.

Walishinda mechi kumi mfululizo, Nagoya Grampus wakawasimamisha Agosti kwa 1-0. Wakaanza upya, safari hii wakafika kumi na mbili. Ile ya kumi na mbili ilichezwa tarehe 31 Oktoba dhidi ya majirani zao FC Tokyo, na kama kuna mechi moja ya msimu ule ambayo ningependa uitafute, ni hiyo. Siku hiyo kiungo mkongwe wa Kawasaki, Kengo Nakamura, alikuwa anatimiza miaka 40. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekatika mshipa wa goti, jeraha ambalo kwa mtu wa umri ule huwa ndiyo mwisho. Akarudi uwanjani mwishoni mwa Agosti, akafunga siku hiyohiyo ya kurudi. Sasa ni siku ya kuzaliwa kwake, matokeo ni 1-1, kipindi cha pili kimeshakolea. Mitoma anaingia na mpira kushoto, anautoa nyuma kwenye boksi, na mzee anaumalizia wavuni. 2-1. Kesho yake aliitisha mkutano na waandishi akatangaza kwamba anastaafu mwisho wa msimu. Alikuwa ameuamua moyoni muda mrefu bila kumwambia mtu.

Ubingwa waliuchukua tarehe 25 Novemba, mechi nne zikiwa zimebaki, na katika historia ya ligi hakuna aliyewahi kuuwahi kiasi hicho. Siku nne kabla walikuwa wameteleza Oita kwa 1-0, kwa hiyo walirudi nyumbani Todoroki wana jambo la kumaliza. Mpinzani alikuwa Gamba Osaka, aliyekuwa nafasi ya pili, ndiye pekee mwenye uwezo wa kuwachelewesha. Wakampiga 5-0. Akihiro Ienaga, mchezaji aliyekulia Gamba tangu utotoni, alifunga matatu peke yake. Mwisho wa hesabu Kawasaki walikuwa na ushindi 26, sare 5, kupoteza 3, mabao 88 ya kufunga na 31 ya kufungwa, pointi 83. Gamba wa pili walikuwa na 65. Tarehe 1 Januari 2021 timu hizo mbili zikakutana tena fainali ya Kombe la Mfalme, kombe la mtoano la Japani, Kawasaki wakashinda 1-0, bao la Mitoma.

Kuna mengine ya msimu ule ambayo yanastahili barua zao. Mwezi Septemba, Kazuyoshi Miura wa Yokohama FC alianza mechi ya J1 akiwa nahodha, dhidi ya Kawasaki haohao, akiwa na miaka 53. Yasuhito Endo wa Gamba Osaka alivunja rekodi ya mechi nyingi za J1 siku ileile ligi iliporudi, mechi yake ya 632. Lakini nisikuchoshe, turudi kwa mtu wako.

Olunga alifika Kashiwa Agosti 2018 na mwisho wa mwaka timu ikashuka. Wachezaji wengi wa kigeni wangeomba kuondoka. Alibaki, wakacheza daraja la pili 2019 chini ya kocha Nelsinho Baptista, wakachukua ubingwa wake na kupanda. Mechi ya mwisho ya mwaka huo, tarehe 24 Novemba 2019, waliwafunga Kyoto Sanga 13-1. Olunga alifunga manane. Manane katika mechi moja, rekodi ya ligi za kulipwa za Japani. Hiyo mechi naijua watu wa Kenya wengi wameiona, maana ilizunguka sana kwenye simu. Ila ilimjengea sifa ya mtu anayeonea wadogo, na ndiyo maana 2020 ilikuwa mtihani wake hasa.

Mtihani ulianza vibaya. Baada ya yale mabao mawili ya Februari na kusimama kwa miezi minne, Reysol walirudi Julai wakapoteza mechi zao za kwanza, ya kwanza kabisa ikiwa 1-0 mbele ya FC Tokyo. Kisha mambo yakafunguka, na yalifunguka kwa namna moja ambayo ukiiona mara mbili huisahau. Reysol hawakuwa timu ya kumiliki mpira kama Kawasaki. Walimwachia mpinzani, wakakaba katikati, na mpira ukinaswa macho ya kila mtu yalimtafuta Esaka. Esaka alikuwa kiungo mshambuliaji mwenye jezi namba 10, mtu wa kugusa mara moja au mbili. Sasa mwangalie Olunga, usiutazame mpira. Wakati Esaka anageuka, Olunga hajaitisha pasi. Amesimama upande wa kutoonekana wa beki wa kati, nusu hatua nyuma yake, kama mtu asiye na haja. Beki anageuza shingo kuutazama mpira, na katika kugeuza huko tu jamaa ameshaondoka. Hatua zake za kwanza si za haraka sana, ila ana miguu mirefu, na kufikia hatua ya nne au ya tano hakuna beki wa Japani aliyemshika. Mpira unatua mbele yake, anaubeba kwa mguu wa kushoto, anapiga chini kando ya kipa. Hapigi kwa mapambo. Mabeki walijua kitakachokuja, wakarudi nyuma zaidi ili kuficha nafasi, na wakirudi nyuma alifunga kwa kichwa krosi za kutoka pembeni.

Reysol kwa msimu mzima walifunga mabao 60. Toa 28 ya Olunga, wanabaki na 32 kwa wachezaji wengine wote. Yaani mtu mmoja alikaribia kufunga nusu ya mabao ya timu iliyopanda daraja na kumaliza ya 7 kati ya 18. Linganisha na Kawasaki waliofunga 88 bila kuwa na mtu hata mmoja aliyefika 15: Yu Kobayashi alikuwa na 14, Mitoma 13, Leandro Damião 13. Ile ilikuwa mashine, ukitoa chuma kimoja inaendelea kusaga. Kule Kashiwa lilikuwa jiko la mafiga matatu, na Olunga alikuwa amebeba mawili.

Hili ndilo linalonifikisha kwenye hoja ya tatu ya shemeji, ya nafasi ya saba. Tuzo ya mchezaji bora Japani huamuliwa na kamati ya ligi kwa kutegemea kura za makocha na wachezaji wa J1, watu waliomkaba au waliopanga namna ya kumkaba. Mashabiki hawapigi kura pale. Na watu haohao hawakuwadharau Kawasaki hata kidogo. Kikosi bora cha msimu kina nafasi kumi na moja, na mwaka 2020 Kawasaki walichukua tisa: kipa, mabeki wote wanne, viungo na mawinga. Nafasi mbili zilizobaki walipewa Everaldo na Olunga. Kwa hiyo usifikiri walimpa Olunga kwa sababu Kawasaki hawakuwa na mtu. Walikuwa na watu tisa, na bado aliyeteuliwa kuwa bora wa wote hakutoka kwao. Wala si jambo geni Japani kumpa mtu wa timu isiyo bingwa: Shunsuke Nakamura alipata 2013 Yokohama F. Marinos wakiwa wa pili, na huyo Kengo Nakamura niliyekusimulia alipata 2016 kabla Kawasaki haijawahi kuchukua ligi.

Mimi ningekuwa na kura ningesita kati ya Olunga na Ienaga, nakuambia ukweli. Ienaga ndiye aliyeufanya ule mpira wa Kawasaki upumue. Lakini mwishowe ningemwandika Olunga, na sababu yangu iko mwaka uliofuata.

Novemba maambukizi yaliingia Kashiwa, mechi zikaahirishwa, na fainali ya Kombe la Levain, kombe la ligi la Japani, waliyokuwa wameifikia ikasogezwa kutoka tarehe 7 Novemba hadi tarehe 4 Januari 2021. Wakafungwa 2-1 na FC Tokyo. Siku chache baadaye Olunga akauzwa Al-Duhail ya Qatar, na kule nako akaja kuwa mfungaji bora wa ligi. Reysol walibaki na kocha yuleyule na sehemu kubwa ya kikosi kilekile. Esaka naye aliondoka katikati ya mwaka. Msimu wa 2021 ulikuwa na timu 20, kwa hiyo walicheza mechi 38, nne zaidi ya 2020. Walifunga mabao 37, kutoka 60. Walimaliza nafasi ya 15, na safari hiyo timu nne zilikuwa zinashuka kweli. Siku mkikutana, mwandikie shemeji namba hizo mbili kwenye karatasi, 60 na 37, kisha mwache yeye akueleze ni nini kilichoondoka katikati yake.